Pungufu wa Sentimita Nne

Jumanne, 4 Machi
Mashine ya kupima kasi ya mpira imefika mazoezini. Mlingoti, mrushaji wangu wa mita moja na sentimita tisini na saba, karusha: kilomita 126 kwa saa. Nikamwambia apashe mwili moto kwanza. Akarudia: 127. Miaka yote nimewahubiria wachezaji kwamba mrefu ana mkono mrefu na hatua ndefu, na kwenye besiboli kasi inatoka hapo.

Kisha akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, kuchukua ufunguo wa nyumba. Wakamtania: Pungufu, rusha na wewe! Akarusha na viatu vyake vya kazini. 138. Mpira wa pili, 140 — halafu akashika bega, akacheka. Eti ana miaka thelathini na nne, basi tena.

Jina la Pungufu nilimpa mimi. Miaka minane iliyopita nilimpima kwa futi ya mshonaji, ikasoma sentimita 176. Sheria yangu: mrushaji ni 180 kwenda juu. Nikampeleka mwisho wa uwanja kudaka mipira. Mwaka uliofuata akaacha kucheza.

Alhamisi, 6 Machi
Urefu unasaidia, sikatai. Lakini hatua ya shemeji ilikuwa ndefu kuliko ya warefu wote, niliiona siku ile ile niliyompima. Nikaamini futi!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza mke wangu, kama utani tu, anaikumbuka ile futi ya njano niliyoiazima kwenye cherehani yake? Akacheka. Ile mbovu! Ilikuwa imevutika, inasoma pungufu. Alimpima mteja kwa ile, akakata kitambaa kwa rula, gauni likagoma kupita mabegani. Ndiyo maana aliitupa. Kwani vipi?

Nikasema basi tu.

Nimepiga hesabu. Sitaki kuiandika hapa.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji yupo sebuleni, anapimwa suruali. Mimi chumbani, mlango wazi. Nilikusudia kumwambia leo habari ya ile futi; bado sijamwambia. Sasa anamwomba dada yake ampime na urefu, aone kama ameongezeka. Mke wangu anamwambia asimame ukutani, aache kujinyoosha, Pungufu we.

Hata yeye anamwita hivyo.

Anapima. Anapima tena.

"Mia moja themanini na moja. Hebu shusha visigino."

"Viko chini, dada."

Mke wangu ananiita. Eti futi inateleza, niende nichuchumae pale miguuni kwa shemeji, niishike vizuri —