Maneno ya Mama Zawadi

Mjukuu wangu Aline,

Kuna mama nilimkosea, na swali lako limenirudisha kwake. Sisi wazima, nyanya yako anakusalimu.

Unauliza wabunge wanapigaje kura juu ya miswada ya kutoa mimba na kupanga uzazi. Nikiwa kijana, wabunge wa jimbo walikuja kwenye holi hapa Durban kusikiliza watu kabla ya kura. Jirani yetu Mama Zawadi, mkimbizi kama sisi, asiyejua Kiingereza, akasimama, mimi nikamtafsiria.

"Nimezaa sita," akasema. "Mkinikatalia sindano ya kupanga uzazi kwa sababu sina karatasi za kuishi hapa, wa saba ataniua."

Mapazia yalipepea polepole, kama tuko chini ya maji. Nikaona wazee wa kanisa letu, waliopinga kupanga uzazi, wananitazama, nikashikwa na aibu. Nikasema kwa Kiingereza: "Anashukuru sana kliniki."

Wabunge wakatabasamu, wakaandika. Mama Zawadi akaninong'oneza, "Eish, baba, maneno mengi hivyo umeyafupisha! Asante."

Wanapigia kura kile kinachowafikia, mjukuu wangu. Mpaka leo nasikia sauti yake nikisinzia mchana.

Jumapili hii, tukitoka ibada, nitaenda kwake, mtaa wa Jacobs, nimwambie nilichosema.

Babu yako