Udongo Uliochoka wa Mwazye

Mama, shikamoo. Ufipa kuna baridi kali, nalala na sweta. Leo huku Mwazye nimepima udongo wa mjane mmoja, Bibi Anastazia. Yeye na marehemu mumewe walipanda mahindi tu, mwaka hadi mwaka, kwa mbolea ileile ya dukani. Sasa tindikali imezidi, na vijidudu vinavyorutubisha udongo vimepungua. Nikamshauri atie chokaa, abadilishe apande maharage. Akasema, "Mahindi aliyapenda yeye, mwanangu. Nilikuwa namwendelezea tu. Basi, nitapanda maharage." Akasonga ugali, akaniomba nisiondoke mapema, maana hajala na mtu siku nyingi. Nikabaki hadi jioni, nikikuwaza unavyokula peke yako. Mungu akutunze, mama yangu.

Mwanao, Neema