Sindano Ndogo Kuliko Zangu

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za mjomba wako, nyingi mpaka bahasha imegoma kufungika. Natumaini u mzima na wagonjwa wako wa wodini hawakusumbui sana. Ukitaka kujua hali yangu, mimi nimeshapona. Bibi yako, mama yangu, ndiye mgonjwa, na ni mgonjwa kweli. Nimekuandikia kwa makusudi badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ulimi wangu hukimbia kuniacha nyuma. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Baridi iliingia mapema mwaka huu. Karakanani kwetu unakujua, ukichambua pamba ya magodoro vumbi linasimama kama ukungu na kila mtu anapiga chafya. Kwa hiyo mshona foronya alipoanza kukohoa tulisema ni pamba tu. Akabisha, akasema pamba haijawahi kumuuma mifupa. Tulimcheka, tukamwita bibi harusi, tukamuuliza kama anataka kubebwa. Kesho yake hakuja.

Siku ya tatu ikawa zamu yangu. Saa nne asubuhi nilikuwa nimebeba godoro la watu wawili begani, napiga mluzi. Saa saba meno yanagongana, kichwa kinapasuka, viungo vyote vinauma, hata kugeuza macho ni kazi. Na haya yote ulikuwa umeyaandika kwenye ile karatasi uliyobandika karibu na mlango wa jikoni, kwamba mafua ya kawaida huja yakinyata lakini homa ya mafua huvamia. Mimi niliipita kila siku kama picha ya mgombea aliyeshindwa.

Uliandika pia kwamba mgonjwa alale peke yake, madirisha yafunguliwe, akohoe kwenye kiwiko na anawe mikono kwa sabuni. Mimi je? Niliutangazia mtaa kwamba jasho langu limejaza ndoo mbili na jirani amefulia mapazia. Unajua wananiita Chuma, na chuma hakilali. Nikampelekea bibi yako chai kwa mikono hiyohiyo, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamsimulia tena lile godoro la hoteli nililolipandisha ghorofa ya sita peke yangu, mwenye hoteli akiwa amelala juu yake. Nilikohoa katikati ya kila sentensi. Alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa leso yangu.

Siku mbili baadaye akakataa chakula. Homa haikuwa kali, nami nikajidanganya kwamba ni uchovu. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu babu yako, nikasema ni uzee. Karatasi yako ilisema mzee akidhoofika ghafla au akichanganyikiwa awahishwe hospitali siku ya kwanza au ya pili, maana dawa ya ugonjwa huu hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Nilimpa maji ya moto na tangawizi, na vidonge vilivyobaki nilipong'olewa jino. Siku ya tano midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na anahema kama aliyekimbizwa. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali. Hii si hadithi, mpwa wangu. Alikuwa mwepesi kuliko mto.

Daktari wa kule ni msichana wa rika lako. Aliviangalia vile vidonge vya jino, akaniambia havina kazi yoyote kwa kirusi cha mafua. Kisha akanieleza kwamba mapafu yameshambuliwa yote mawili. Ile dawa wamempa, hewa wamemwekea, lakini siku zilikuwa zimeshapita. Leo asubuhi aliniita kando ya mlango wa wodi. Hakuzunguka. Alisema sasa wanachofanya ni kumpunguzia tabu, na wanaotakiwa kuja waitwe.

Siku ile tuliyofika alikuwa ameniuliza kama mama alichanjwa msimu huu. Nikamjibu nitakumbuka. Nakumbuka, mpwa wangu, na nimekuandikia kwa ajili ya hilo.

Ulipouliza mwezi ule kama nesi wa mtaa amepita, nilikujibu kwamba tumechanjwa wote wawili na mimi nilikaa kama sanamu. Ni uongo. Nesi alikuja kweli, na kikapu chake cha barafu. Bibi yako alikuwa ndani amekaa kwenye stuli, ameoga, amekunja mkono wa gauni mpaka begani, anangoja. Nesi akanikuta barazani na majirani wanne, akasema tuanze na mwanamume mwenye nyumba ili mama asiogope. Majirani wakapiga makofi, Chuma, Chuma.

Mimi nashika sindano ya magodoro, ndefu shubiri nzima, kutwa. Nimekusimulia tangu mdogo jinsi ilivyonitoboa kiganja nikaendelea kushona. Ukweli ni kwamba nilianguka nikazimia, na mshona foronya ndiye aliyenimwagia maji. Tangu siku hiyo chuma kinachoelekezwa kwenye nyama yangu sikiwezi. Nikamwambia nesi tulishachanjwa kwenye zahanati nyingine. Akanipa daftari, nikatia saini yangu, na chini yake nikatia ya mama.

Nikaingia ndani nikamwambia dawa imeisha. Akaushusha mkono wa gauni polepole, akasema maskini nesi, na jua lote hili katembea bure.

Daktari anasema chanjo isingekuwa ahadi kwamba hataugua, ila huenda ingeupunguza ukali. Hiyo "huenda" ndiyo ninayolala nayo. Jana bibi yako alipata fahamu kidogo, akamsikia daktari akitaja chanjo, akamwambia wasimlaumu nesi, dawa iliisha. Nilikuwa nimemshika mkono.

Leo nilipotoka wodini nilimfuata yule nesi na kumwambia yote. Hakunigombeza. Alinikunjia mkono wa shati, na nilikuwa bado najiandaa kufumba macho aliposema tayari, shusha. Ni kitu cha namna hiyo tu.

Omba ruhusa uje, usingoje mwisho wa mwezi. Vaa barakoa ukiingia kwake, najua hilo sina haja ya kukufundisha. Akiwa bado anasikia, mwambie wewe kuhusu dawa, kwamba haikuisha. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara nimejikuta namsimulia la hoteli.

Wasalimie wenzako wote wa kazini. Bibi yako alikutaja jana, akauliza kama unakula vizuri.

Ni mimi mjomba wako, mshona magodoro. Lile jina jingine usiniite tena.