Chupa Kumi na Mbili za Bwegera

Mama Neema, mke wangu uliye ng'ambo,

Simu ya juzi ilikatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na labda ni heri. Kuna mambo ninayoyaweza kwenye karatasi tu, hata kama karatasi hiyo itasomwa na kila anayenunua gazeti letu. Wengi wao nao wana mtu upande wa pili.

Asubuhi hii, baada ya mvua, Bujumbura ilionekana vizuri kutoka ufukweni hapa Uvira: majengo meupe na milima nyuma yake. Ulivuka mpaka wa Kavimvira kwenda kumuuguza mama yako kwa majuma mawili. Huu ni mwezi wa tano. Neema amejifunza kusonga bugali usiokuwa na mabonge. Anasema wake umeupita wangu, na ni kweli.

Kazini nasoma taarifa za serikali mbili. Yetu inasema uhusiano na ndugu zetu wa Burundi ni imara. Yenu inasema vivyo hivyo. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba nchi zinazoelewana hazitoi taarifa kila juma kusema zinaelewana. Wanajeshi wenu walikuja kupigana upande wetu, na wengine wamezikwa huku. Sasa sokoni watu wanasema walikuja kwa mambo yao wenyewe. Kambini kwao wanasema tunawaacha peke yao mbele. Mpaka umefungwa, na waliofungiana ni marafiki.

Unaikumbuka siku ya posa? Nilikuja kwenu na baba mdogo, yule mlokole ambaye hajawahi kugusa pombe, maana ndiye mzee pekee niliyebaki naye. Tulileta kasiksi, pombe nzuri ya ndizi, katika kibuyu. Baba mdogo akamimina, akampa baba yako kikombe moja kwa moja, kwa mikono miwili, kwa heshima zake zote. Hakuonja kwanza. Hakuweza kuonja, wokovu haukumruhusu. Baba yako alikiweka kikombe chini, akakiangalia. Kwenu na kwetu, anayeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya anayepewa, ili ajue hakuna sumu. Asiyeonja hajatukana kwa maneno, lakini ametukana. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Ndipo ulipotoka jikoni, ukachukua kile kikombe kutoka chini.

“Muniwie radhi,” ulisema, “niko na kiu.”

Ulikunywa nusu, ukamkabidhi baba yako iliyobaki. Hukumsahihisha mtu. Baba yako akanywa, kisha akamwuliza baba mdogo kama huko Uvira walokole wanaogopa ndizi. Watu wakacheka, na posa ikaendelea. Baadaye nilikuuliza kama kweli ulikuwa na kiu. Ulisema, “Weye uko muandishi. Andika nilikuwa nayo.”

Sasa nikuambie habari ya Bwegera.

Juma lililopita maofisa wa jeshi lenu walikutana na viongozi wa huku, pale Bwegera, katika jengo karibu na mashamba ya mpunga. Mezani kulikuwa na karatasi moja tu iliyosubiri saini: familia zilizotenganishwa ziruhusiwe kuvuka Kavimvira siku mbili kwa juma. Nilikwenda kama mwandishi. Sikumwambia mtu kwamba mimi pia ni familia iliyotenganishwa.

Asubuhi nzima walizungumza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mchana vikaletwa vinywaji, chupa kumi na mbili za sukre, soda zetu hizi, zote zimeshafunguliwa. Mama wa jikoni alitaka kuokoa muda. Kifungulio kilikuwa kimoja. Hakukuwa na ubaya wowote, baadaye nilimwuliza mwenyewe. Lakini chupa iliyofunguliwa mahali usipoona, katika nchi iliyojaa hofu kama hii, ni kile kikombe cha baba mdogo. Komanda wa jeshi lenu aliishika yake, akaizungusha, akairudisha mezani. Wenzake wakafanya hivyo hivyo.

Mmoja wa viongozi wa vijana wetu wenye silaha akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika: “Ndugu zetu hawaogopi risasi. Wanaogopa sukre.”

Wachache walicheka. Komanda hakucheka. Aliangalia saa, akashukuru kwa mapokezi, akasema karatasi ataisoma vizuri kambini. Magari yao yakaondoka.

Sisemi ni chupa zilizovunja kikao. Kulikuwa na hasira ya miezi mingi, na chupa ziliipa mlango wa kutokea. Lakini nieleze kwa usahihi, maana ndiyo kazi yangu: chupa ya karibu ilikuwa umbali wa mkono wangu. Nilijua cha kufanya. Nilikuwa nimekiona kikifanywa, na kwa sababu hiyo nina mke. Nikajiambia mwandishi hashiriki, nikaandika katika daftari: vinywaji havikuguswa. Ni sentensi sahihi. Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nasikia aibu.

Nakukumbuka zaidi mchana, saa ile uliyokuwa ukipita ofisini kwetu na kusema umekuja kumwona mkurugenzi, siyo mimi. Kiti ulichokuwa ukikalia kimewekwa mafaili. Nayatoa kila asubuhi, na kila jioni mtu anayarudisha.

Wamekubali kukutana tena Alhamisi, safari hii Kavimvira penyewe, kwenye kizuizi. Karatasi ni ileile. Nimemwomba mkurugenzi amtume mwenzangu na daftari. Nimemweleza kwa nini, naye hakubisha. Nimewaomba wenyeji wanikabidhi mimi vinywaji, navyo vifike vimefungwa. Kifungulio ninacho tayari.

Sijui kama watasaini. Nimeshaona karatasi nyingi nzuri zikifia mezani. Ila chupa ya kwanza nitaifungua mbele yao wote, nami nitainywa, hata kama ni ile ya machungwa unayojua siipendi. Wakishangaa mwandishi amepatwa na nini, nitawajibu kwa maneno yako: muniwie radhi, niko na kiu.

Haitakuwa uongo.

Mumeo,
Baba Neema