Kiti cha Nyuma

Jumapili, 1 Agosti 1999

Baada ya misa nililipangusa gari, kama kawaida. Taa, vioo, milango. Mwisho kiti cha nyuma, kwa mafuta kidogo tu. Ngozi yake aliishona marehemu mke wangu Masika.

Ni gari la wazi, la kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Mwenye shamba mmoja wa Lubero aliliacha katika ghala la kahawa likawa kutu tupu. Tulilifufua mimi na Masika. Kombe tulilopewa kwenye maonyesho ya Goma lingali juu ya kabati. Tangu hapo maarusi wengi wa Butembo wameketi nyuma. Krismasi hii ni zamu ya mjukuu wetu Kavira, ninayeishi naye. Masika alimwahidi.

Silali vizuri.

Jumatatu, 2 Agosti

Askari wawili uani. Niliwaomba radhi kwa sababu ya tope. Sijui kwa nini. Mvua si yangu.

Mkubwa wao alilizunguka gari. "Muzee, komanda anaoa samedi. Anataka motokari hii yenye haina kichwa. Tutakuja kuibeba vendredi."

Ijumaa, basi, na arusi Jumamosi. Nikajibu: asanteni. Nina aibu.

Lori la jirani waliliazima kwa siku moja, wakati wa Pasaka. Halijarudi.

Jumanne, 3 Agosti

Kutoka nyumbani hadi gereji, kutoka gereji hadi nyumbani. Nilifungua gurudumu moja, nikalirudisha. Wakilikuta halina magurudumu watamuuliza Kavira. Chai ilipoa mezani, sikuinywa. Nilisali vibaya.

Jumatano, 4 Agosti

Mama Kahindo amefariki hospitalini. Ndiye aliyemwogesha Masika hadi siku yake ya mwisho, bila kuitwa na mtu.

Mwanawe Kambale alikuja, kofia mkononi. "Papa, mama alisema tumuzike Mbau, kwa babake. Benye motokari bote banazificha. Mutusaidie."

Nilimwomba muda wa kufikiri, kisha nikamwomba msamaha kwa kuuomba. Hapa kwetu bibi arusi haketi katika gari lililobeba maiti. Hakuna atakayekubali, wala mama yake hatakubali. Kavira anajua. Sikuthubutu kumwuliza, nilimtazama tu.

"Koko, kiti kinatoka?" aliniuliza mimi babu yake.

"Kinatoka."

Akaenda kuleta spana.

Tulikibeba hadi sebuleni. Kizito kuliko nilivyokumbuka.

Alhamisi, 5 Agosti. Mbau

Matawi ya mikaratusi mbele, ili askari wa vizuizini wajue ni msiba. Jeneza lilitokeza nyuma ya gari, kwa hiyo kapote, lile paa la turubai, haikuweza kufungwa. Mvua ilitukuta baada ya Beni. Ngozi za milango zimevimba. Nilitaka kukasirika, sikumpata wa kumkasirikia.

Kwenye kizuizi askari mmoja aliicheka anasa ya wafu wetu. "Bafu ba Butembo banatembea luxe."

Kambale alimjibu: "Maisha yake yote alitembea kwa miguu, chef. Muache apande leo."

Askari akainua mti wa kizuizi, angali anacheka.

Tumemzika. Barabara ni mbaya, tunalala hapa. Kambale anasema nilifiche gari huku, kwa wajomba zake. Wazo zuri. Lakini kesho ni Ijumaa, na Kavira yuko peke yake Butembo.

Ijumaa, 6 Agosti

Tuliondoka alfajiri. Nililiendesha gari lile kama mwizi. Mashimo yote nimeyapiga.

Askari walikuwa wamekwisha kufika. Kavira alikuwa amewapa chai.

Mkubwa wao alishika jani moja la mkaratusi. "Ilibeba mufu?"

Nilikiri. Nikamwomba msamaha. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba kiti ni safi, kiko sebuleni, na ningekirudisha mara moja. Kavira alifumba macho.

Askari alirudi nyuma, akapangusa mkono kwenye suruali. "Komanda hapana kuoa ndani ya sanduku ya mufu. Ubakie nayo, muzee."

Wakaenda. Nilimshukuru hata mgongo wake.



Jumapili, 8 Agosti

Komanda ameoa. Walimpeleka bibi arusi kwa gari la jeshi, wanasema.

Baada ya misa baba mmoja aliniuliza kama ningempeleka mama yake Kirumba, kuzikwa. Nilikubali. Matawi sikuyaondoa.

Kiti kingali sebuleni, chini ya picha ya Masika. Jeneza halikukigusa. Leo Kavira alikipaka mafuta yeye mwenyewe, kidogo tu. Alisema Krismasi atakwenda kanisani kwa miguu, kisha ataketi hapo wakati wa karamu, yeye na bwana arusi. Kanisa ni karibu, alisema.

Si karibu. Nilimwitikia kwamba ni karibu.