Bwawa la Baba, Vitunguu vya Kaka

3 Machi

Kaka,

Salamu. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila miguu bado haimbebi. Nawe natumaini u mzima, maana wagomvi hamuugui. Nampa muuza maziwa barua hii kwa sababu uliapa nisikanyage kwako.

Nasikia umeziba bomba la bwawa kwa magunia ili umwagilie vitunguu. Baba alijenga tuta lile la udongo kuzuia mafuriko: mvua ije, bwawa lijae, kisha maji yatoke pole pole kwa bomba. Likijaa kabla ya masika litazuia nini? Sisi tuko chini yake. Zibua.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Mimi ni mzima, pole kwa habari hiyo mbaya. Mpe mama shikamoo yangu.

Tangu uhamie kwake kumtunza umejifanya mkuu wa ukoo. Vitunguu vikikosa maji sasa vitabaki kama gololi. Ukiogopa, mlete mama kwa mwanawe wa kwanza, nawe ubaki huko na mdomo wako.

Kaka yako

17 Machi

Kaka,

Shikamoo, na nimeiandika kwa kuwa mama ananisikiliza.

Leo nimepanda hadi kwenye tuta. Maji yanachuruzika chini yake, tena ya tope. Udongo unaliwa kwa ndani! Mbwa wako kanifukuza, na bado ana adabu kukuzidi. Mama hahami nyumba aliyojengewa na baba. Yeye mwenyewe anakuomba uzibue.

Dada yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Dada atakusomea hii, apende asipende. Nitazibua Jumapili, nikishang'oa vitunguu. Hilo ni neno langu. Yeye mwambie apunguze kelele.

Mwanao wa kwanza

26 Machi

Kaka,

Jumapili ilipita. Jumatatu mvua ikanyesha, bomba bado limezibwa, na tuta likakatika.

Maji yalipoanza kuingia uani nilitaka kumhamishia mama kwa jirani wa mlimani. Akang'ang'ania kitanda. "Kaka yako kaahidi Jumapili. Yule akisema amesema." Nikakimbia kutafuta watu wa kumbeba kwa nguvu. Tuliporudi, penye chumba chake palikuwa mto.

Tumempata leo. Tunazika kesho asubuhi. Njoo, kwa sababu yeye angekutaka. Mimi sikutaki.

Binti yake