Mgomba wa Bwana Meli

Baba yetu Wabwile, mahindi ya Tongaren yamevunwa bila wewe. Mwaka mmoja umepita tangu ututoke, na sufuria zako bado zimepangwa kwa ukubwa, kama ulivyoziacha. Hakuna anayethubutu kuzichanganya.

Miaka zaidi ya thelathini ulimpikia Bwana Meli kule Kitale, Mwingereza aliyekuwa afisa wa jeshi la majini kabla ya kuja kulima. Maisha yake tuliyajua kwako: alivyoingia melini akiwa mvulana, akapanda cheo hadi unahodha, kisha meli yake ikazamishwa katika vita vya kwanza. Mabaharia wake wengi hawakuonekana tena. Ulisema alikuwa mkali, na chai ikichelewa alifoka. Lakini akiwataja hao alilia mbele yako, jikoni. Kwa huruma yako ukamwambia kwamba kwetu, mtu asipoonekana, huzikwa mgomba mahali pake ili roho yake ifike nyumbani. Mkauzika pamoja, nyuma ya zizi lake.

Mwaka wa uhuru aliuza shamba akapanda meli kurudi kwao. Akafia njiani, akatoswa baharini. Habari zilipokufikia, ulitaka kumzikia mgomba hapa kwetu. Kaka yako mkubwa, Mzee Khaemba, akakataa mbele ya wazee.

"Mgomba ni ya mtu wetu. Huyo mkoloni si ako na kwao, bana!"

Ukatii, maana mkubwa ni mkubwa. Inatuuma kwamba ulilibeba jambo hilo miaka ishirini. Hata kitandani, mara ya mwisho, ulimwambia Mama, "Rispah, Bwana Meli bado hajazikwa."

Laiti ungaliiona Jumamosi iliyopita, Baba. Mzee Khaemba alikuja na fimbo yake, na nyuma yake mwanao Wekoye amebeba mgomba uliokatwa katika shamba la mzee mwenyewe. Akasimama penye kaburi lako, akachora mstari kando yake.

"Chimbeni hapa," alisema. "Ndugu yangu alikuwa na mtu wake. Mimi ndio nilimfungia mlango."

Tukachimba. Mama alipika chai mapema, isichelewe.

Unakumbukwa na mkeo Rispah. Wanao Wekoye, Agneta na Nekoye. Mkaza mwanao Chesang wa Cheptais. Wajukuu wako wote. Na kaka yako Khaemba, aliyeomba jina lake liandikwe mwisho.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Lala sasa. Mtu wako amezikwa.